Nasinzia kwenye rozari, sioni maono: je, Mungu yuko mbali nami?

Tumsifu Yesu Kristo, Sista.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Morogoro. Nina genge la nyanya, vitunguu na mboga za majani. Mama mkwe wangu alipata kiharusi mwaka juzi, upande wote wa kulia umepooza na maneno hayatoki vizuri. Tangu hapo anaishi kwetu. Mume wangu ni fundi ujenzi, anatoka asubuhi anarudi giza limeingia. Kumwosha bibi, kumlisha, kumgeuza, kumbadilisha nguo, yote ni mimi. Silalamiki, Sista, yule ni mama yangu. Nakueleza tu ujue siku yangu ilivyo. Saa kumi na moja alfajiri niko sokoni kuchukua mzigo, saa moja nimerudi kumwosha, kutwa niko gengeni huku nakimbia ndani kumwangalia, na usiku naamka tena mara mbili tatu kumgeuza asipate vidonda.

Shida yangu ni hii. Katika jumuiya yetu kuna akina mama wanaosali na kikundi fulani cha maombi. Wanaona maono, wananena kwa lugha, na mmoja wao anasema Yesu huongea naye kila alfajiri, humwambia hata mambo ya kesho. Nilikwenda nao mkesha. Mara ya kwanza nilisinzia hata saa sita haijafika. Mara ya pili tuliwekewa mikono, wenzangu wakaanguka, mimi nikabaki nimesimama peke yangu. Kiongozi akasema mbele ya watu wote kwamba nina kifungo, kwamba moyo wangu umefungwa na sina Roho Mtakatifu. Akaniambia nifunge siku tatu kavu, bila chakula wala maji, halafu nije na sadaka ya kufunguliwa, shilingi elfu hamsini. Nilirudi nyumbani nimejifunika kitenge mpaka usoni.

Kwa kweli hata nyumbani sisali vizuri. Rozari ya jioni fumbo la pili silifiki, nashtuka iko sakafuni. Nikisema na Mungu sisikii chochote. Ni maneno tu.

Ila kuna jambo moja sijamwambia mtu. Wakati wa Kwaresima iliyopita, usiku, nilikuwa namfuta bibi mgongo kwa maji ya vuguvugu. Ghafla nikajua kwamba mle chumbani hatuko wawili. Sikuona kitu, sikusikia sauti. Nilijua tu, na moyo ukatulia kwa namna ambayo sijawahi kutulia. Ilidumu hadi nilipomaliza kumvalisha, basi. Nililia. Alfajiri nikaenda sokoni kama kawaida na haijarudi tena.

Yule alikuwa Mungu au ni uchovu wangu? Kama ni Mungu, mbona hajarudi? Na mtu wa genge kama mimi anaweza kweli kuwa karibu na Mungu, au mambo hayo ni ya watawa kama ninyi na wenye karama zao? Hizo siku tatu nifunge?

Mama wa Genge, Morogoro


Milele amina, mama yangu.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja. Usifunge. Unalala kwa vipande, unabeba matenga ya nyanya alfajiri, unamwinua mtu mzima aliyepooza mara kadhaa kwa siku. Siku tatu bila maji katika hali hiyo zitakupeleka wodini, na bibi atabaki na nani? Kanisa lenyewe linapoamuru kufunga, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, linaruhusu mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo, na linawasamehe wagonjwa na wasioweza. Mtu akikudai zaidi ya hapo, tena kwa jina la Mungu na mbele ya kadamnasi, una haki ya kusema hapana bila dhambi yoyote.

Na ile elfu hamsini usiipeleke. Soma Matendo ya Mitume sura ya 8. Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili apate uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, Petro alimjibu: “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali.” Kutoa sadaka ni jambo jema na takatifu. Sadaka yenye bei iliyopangwa, ili Mungu akufungulie mlango, ni kitu kile kile alichokikataa Petro. Mwambie paroko wako yaliyotokea. Kama kikundi hicho kinakusanya waamini wa parokia, anapaswa kujua wanaambiwa nini huko.

Nisieleweke vibaya. Karismatiki Katoliki ni ya Kanisa, ipo tangu 1967, na nimewajua watu wengi waliobadilika maisha yao humo: walevi walioacha pombe, ndugu waliopatana baada ya kugombania kiwanja kwa miaka. Kunena kwa lugha ni karama ya kweli. Lakini Paulo aliwauliza Wakorinto swali ambalo jibu lake ni wazi kabisa: “Wote wana karama za kuponya wagonjwa? Wote wanena kwa lugha? Wote wafasiri?” Halafu, bila kupumua, akawaingiza katika sura ya 13, ile ya upendo unaovumilia na kufadhili. Kusema mbatizwa aliyepewa Kipaimara hana Roho Mtakatifu kwa sababu hakuanguka chini ni kumsingizia Mungu. Wewe ulibaki umesimama. Basi ulibaki umesimama, hakuna la zaidi hapo.

Sasa usingizi. Nimeusoma mstari wako wa rozari iliyo sakafuni, na nakuomba uache kabisa kuuhesabu usingizi huo kuwa dhambi. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyeingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, aliandika waziwazi kwamba kwa miaka alisinzia wakati wa tafakari na hata baada ya kupokea Komunyo. Alisema angepaswa kusikitika, lakini hakusikitika, kwa kuwa Bwana anaujua udhaifu wetu na anakumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi. Alikuwa akitegemea Zaburi ya 103. Huyo mwenye kusinzia alitangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997. Tena yeye hakuwa anaamka usiku kumgeuza mgonjwa wa kiharusi.

Na kabla ya Teresia kulikuwa na Eliya. Tunapenda kusimulia jinsi alivyomsikia Mungu kule Horebu katika “sauti ndogo, ya utulivu”, baada ya upepo, tetemeko na moto. Mahubiri mengi yanaanzia hapo. Rudi nyuma kidogo katika sura hiyo hiyo, 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia, amechoka mpaka anaomba afe, amelala chini ya mretemu. Malaika anamgusa. Hamkemei kwa kulala, wala hamwambii ana kifungo. Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili: “Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Mungu alianza na mwili wa nabii wake. Kula na kulala vilitangulia, sauti ikaja baadaye.

Kwa hiyo nakupa agizo la kwanza kabla ya sala yoyote: tafuta usingizi. Mume wako anarudi usiku amechoka, nakubali, lakini yule aliyelala pale ni mama yake mzazi. Zamu moja ya usiku anaiweza. Kama ana ndugu, waitwe, wakae kikao, wagawane: mwingine alete nepi za watu wazima, mwingine aje Jumamosi na Jumapili. Akina mama wengi Wakristo tumefundishwa kwamba kubeba yote kimya ndiyo utakatifu. Umeandika “silalamiki”. Mama, lalamika! Zaburi zimejaa malalamiko. Ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu, “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” na ya 88 inaanzia kwenye kilio na kuishia gizani bila kupata jibu. Zote mbili Kanisa linazisali. Na kama uchovu huu umefikia kula kumekushinda, unalia kila siku au unatamani usiamke, nenda hospitali ukamwone daktari, na umweleze hilo hilo. Si kila ukavu wa moyo unatibiwa kwa maombi peke yake.

Tuje kwenye usiku ule wa Kwaresima.

Unauliza kama alikuwa Mungu au uchovu. Mimi sikuwepo, na hata ningekuwepo nisingeweza kukuapia. Lakini wapo waliopita njia hii kabla yetu, wakaacha vipimo. Mtakatifu Teresa wa Avila alipokea mambo mengi ya ajabu katika sala, na kwa sababu hiyo hiyo alikuwa mkali sana nayo. Hakuuliza kwanza limetokea nini. Aliangalia limeacha nini: unyenyekevu au kiburi, amani au fadhaa, hamu ya kuhudumia au hamu ya kuonekana. Yajaribu mambo yako kwa hayo. Ulipomaliza, ulimvalisha bibi. Ulilia. Ukaenda sokoni. Hukumwambia mtu. Hukuanza kujiita mtumishi. Kwa kipimo cha Teresa, sioni sababu ya kuogopa.

Rafiki yake, Mtakatifu Yohane wa Msalaba, atakusaidia zaidi. Huyu alifungwa na watawa wenzake mjini Toledo kuanzia Desemba 1577 hadi alipotoroka Agosti 1578, katika chumba kidogo chenye giza, na humo akatunga baadhi ya mashairi mazuri kuliko yote ya Kihispania. Mtu kama huyo hakudharau mambo ya ndani. Hata hivyo alifundisha kwamba kitu cha namna hii kikiwa cha Mungu, hufanya kazi yake katika roho pale pale kinapotokea. Haihitajiki ukishike, ukichunguze, ukisubiri kirudi. Aliwaonya sana wanaotamani maono na sauti, akisema Mungu ametuambia yote katika Neno lake moja, Mwanae, na hana neno jingine. Kwa hiyo swali la “mbona hajarudi” unaweza kuliweka chini. Ulichopewa ulipewa. Kipo ndani yako kinafanya kazi, unahisi au huhisi.

Tena tazama kilikukuta wapi. Hukuwa kwenye mkesha wala mbele ya Sakramenti Kuu. Ulikuwa na beseni la maji ya vuguvugu na kitambaa, unamfuta mgongo mwanamke asiyeweza hata kukushukuru kwa maneno. Bwana wetu katika Mathayo 25 alisema, “nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama,” na wale wenye haki wakashangaa, wakauliza ni lini walimwona. Hawakujua! Walimhudumia maisha yao yote bila kuhisi kuwa ni yeye, na hakuna hata mmoja aliyepunguziwa tuzo kwa kutohisi. Wewe usiku mmoja ulipewa kujua. Siku nyingine zote umekuwa ukimfuta mgongo yule yule.

Jakobo naye alilala Betheli kichwa juu ya jiwe, akaamka akasema, “Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua.” Mungu hakufika pale ndoto ilipoanza. Alikuwepo Jakobo alipokuwa akitafuta jiwe la kulalia. Mtoto aliyebebwa mgongoni haoni uso wa mama yake, na hakuna aliye karibu na mama kuliko yeye.

Umeuliza kama ukaribu huu ni wa watawa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2014, inasema Mungu anatuita sote kwenye muungano huu wa ndani naye, hata kama neema za pekee na ishara za ajabu hupewa baadhi tu. Neno lililomo ni sote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulitumia sura nzima kufundisha kwamba utakatifu ni wito wa kila mbatizwa katika hali yake ya maisha, ndoa na kazi vikiwemo. Nami nikiwa mtawa nakuambia kutoka ndani: kanisa letu dogo lina ukimya mzuri, lakini ukimya huo hautoshi kumleta mtu karibu na Mungu kama anamchukia dada aliyekaa benchi la mbele yake.

Nikutajie watu wawili, na ningependa uwachukue kama rafiki zako.

Wa kwanza ni Nicolas Herman, aliyezaliwa Lorraine karibu mwaka 1614. Alikuwa askari, akaumia mguu, akabaki mwenye kuchechemea. Baadaye akafanya kazi ya utumishi kwenye nyumba ya bwana mmoja, na mwenyewe alisema alikuwa mzito wa mikono, kila kitu alivunja. Mwaka 1640 akapokelewa na Wakarmeli Peku wa Paris kama bruda, akaitwa Lawrence wa Ufufuko. Wakampeleka jikoni. Kazi ya jikoni hakuipenda hata kidogo, na akaifanya kwa takribani miaka 15, kisha, mguu ulipozidi, akapewa kushona viatu vya wenzake.

Watu walimfuata jikoni kumuuliza siri yake, na mazungumzo na barua zake chache zikakusanywa alipofariki mwaka 1691. Kilichomo ni kidogo mno. Alisema kwake saa ya kazi haikuwa tofauti na saa ya sala: katikati ya kelele za sufuria, watu kadhaa wakimwita kwa wakati mmoja kila mtu na lake, alikuwa na Mungu kwa utulivu ule ule kama amepiga magoti mbele ya Sakramenti. Mayai yake kwenye kikaango aliyageuza kwa kumpenda Mungu. Akimaliza, kama hana kazi, alisujudu pale pale sakafuni. Akikosea, alimwambia Mungu kwamba sitaweza vinginevyo ukiniacha peke yangu, kisha akaendelea na kazi bila kujitesa. Hiyo ndiyo njia yake yote: kuzoea kumkumbuka Mungu aliyepo, na kusema naye kwa maneno ya kawaida.

Sitaki udhani ilimjia kirahisi. Miaka yake kumi ya mwanzo ilikuwa ya mateso ya ndani, na kwa miaka minne kati ya hiyo aliamini amekwisha kupotea milele. Alipika akiwa katika hali hiyo. Utulivu ule tunaousifu ulikuja baadaye, na ulimkuta bado jikoni.

Wa pili ni wa kwetu, Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena, akapigwa na kuchanjwa makovu mwilini mpaka hata jina alilopewa na wazazi akalisahau. Mwaka 1889 mahakama ya Venezia ilimtangaza kuwa huru, mwaka uliofuata akabatizwa, kisha akaingia kwa Masista Wakanosa. Alifanya nini huko Schio, Italia, miaka yote ile? Alipika, alishona, alitarizi, alikaa mlangoni kupokea wageni. Watoto wa shule walimjua kwa mkono wake aliouweka vichwani mwao. Alipofariki tarehe 8 Februari 1947 mji mzima ulipita kumuaga. Siku ya kutangazwa kwake mtakatifu, 1 Oktoba 2000, hapakuwa na orodha ndefu ya maono. Alikuwa amempenda Bwana, aliyemwita “Paron” kwa lugha ya watu wa Venezia, yaani Bwana Mwenye Nyumba, na akafanya kazi iliyo mbele yake.

Sasa wewe ufanye nini kesho? Machache sana, kwa sababu huna nafasi ya mengi na Mungu analijua hilo.

Chagua kazi moja unayoifanya kila siku bila kukosa. Ningechagua ile ya kumgeuza bibi, kwa kuwa ndiyo inayokuchosha kuliko zote. Kabla hujaingiza mikono chini ya bega na nyonga yake, simama kwa pumzi moja, mtazame usoni, useme kimoyomoyo, “Bwana, ni wewe.” Kisha mgeuze. Usingoje kuhisi kitu, na usijipime kama ulisema kwa moyo au kwa mdomo tu. Utasahau siku nyingi. Ukikumbuka, sema. Baada ya wiki kadhaa, sala hiyo itakuwa inakuja yenyewe hata ukiwa gengeni unapanga mafungu ya nyanya, na ikija usiifukuze. Mteja akifika, muuzie kwa uaminifu, chenji kamili, na hiyo nayo umpe Mungu.

Rozari usiisali kitandani usiku ukitegemea kuimaliza. Sali fumbo moja, Salamu Maria kumi, ukiwa njiani kwenda sokoni alfajiri, akili ikiwa bado nyepesi. Vidole ni kumi, vinatosha kuhesabia. Bibi akiwa macho mchana, sali nyingine kwa sauti kando yake. Wagonjwa wengi wa kiharusi wanaoshindwa kuongea huweza bado kufuatisha sala na nyimbo walizozijua tangu utoto, maana maneno ya namna hiyo hukaa mahali tofauti na mazungumzo ya kawaida. Jaribu kumwanzishia “Salamu Maria, umejaa neema” umwachie nafasi. Usishangae ukisikia anamalizia.

Usiku ukishalala, kabla usingizi haujakuchukua, ipitie siku yako na Mungu kwa ufupi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwadai watu wake zoezi hili hata pale walipozidiwa na kazi au ugonjwa. Mshukuru kwa kitu kimoja cha siku hiyo chenye jina: mteja aliyelipa deni, mtoto aliyeosha vyombo bila kutumwa. Kisha mwambie pale ulipokosea, labda ulimfokea bibi alipotema uji. Kisha mkabidhi kesho. Ukisinzia ukiwa kwenye shukrani, umelala ukiwa unashukuru, na Zaburi ya 127 inasema “Yeye humpa mpenzi wake usingizi.”

Zitakuja siku hakuna kitu kabisa, ukavu mtupu. Teresa wa Avila anakiri kwamba kwa miaka fulani alipokuwa katika sala alisikiliza zaidi saa itagonga lini ili aondoke. Alibaki hadi inagonga. Mtakatifu Mama Teresa wa Kolkata, barua zake zilipochapwa mwaka 2007, tuligundua kwamba karibu maisha yake yote ya kuhudumia maskini aliishi bila kumhisi Mungu, na aliendelea kuamka, kusali na kwenda kwa wagonjwa. Yohane wa Msalaba anataja alama moja ya ukavu unaotoka kwa Mungu: mtu hapati utamu katika sala, na wakati huo huo ana hofu ya kweli kwamba hamtumikii Mungu. Asiyemjali Mungu hakosi usingizi kwa sababu hiyo. Wewe umeniandikia barua ndefu kwa ajili yake.

Kuhusu yule mama anayeambiwa mambo ya kesho, usigombane naye wala usimwonee wivu. Mtume Yohana anasema, “msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho,” na kazi hiyo ni ya mchungaji wenu. Akikuletea ujumbe unaokuhusu, mshukuru, kisha uendelee na yale unayoyajua tayari kutoka Injili na kwa padre wako.

Lile la Kwaresima mwambie padre mmoja katika kitubio, umwambie kama ulivyoniambia mimi, bila kuongeza. Halafu usilisambaze. Hata Paulo, aliyenyakuliwa hadi mbingu ya tatu, alikaa nalo miaka kumi na minne kabla ya kuligusia, tena kwa shida.

Jambo la mwisho ni la bibi mwenyewe. Hukusema kama anapokea sakramenti. Mwone mwenyekiti wa jumuiya wiki hii, ampe paroko jina lake apelekewe Komunyo nyumbani na apewe Mpako wa Wagonjwa. Watu wetu bado wanaogopa mpako wakidhani ni wa kumuaga mtu anayekufa, ndiyo maana wanamwita padre mgonjwa akiwa hajitambui tena. Ni sakramenti ya mgonjwa aliye hai, na inaweza kurudiwa hali ikizidi. Padre akija andaa meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na maji. Hakikisha mume wako yupo siku hiyo, na watoto pia. Omba akuungamishe wewe kwanza, mpokee Komunyo pamoja, bibi kitandani nawe ukiwa umekaa kando yake. Genge lisubiri hadi mchana.